Huyu Jenerali Slim aliyewaongoza babu zetu Burma, kwanini hatajwi kama Montgomery?

#1 Mjukuu_wa_Keya
Wakuu salama? Wiki iliyopita tulikuwa Songea tunahamisha vitu vya bibi maana nyumba ya zamani imeanza kuvuja, kwenye kasha la babu mzaa baba (alifariki 1996) tukakuta kopo la tumbaku limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani kuna nyota ya shaba ina ncha sita, katikati taji na herufi GRI na VI, imeandikwa THE BURMA STAR, na kipande cha utepe kimechakaa ila rangi bado zinaonekana, bluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa. Jina la babu halipo popote kwenye ile nyota, nimeigeuza mbele na nyuma.
Basi usiku ule sikulala, nikaanza kusoma. Nikakutana na jina la kamanda wao, William Slim, Jeshi la 14. Nimesoma mpaka chuo, nimefundishwa Montgomery, Rommel, Churchill, ila huyu sijawahi kumsikia hata siku moja. Na kwa ninavyoona mimi ndiye jenerali bora kuliko wote Waingereza waliokuwa nao vita ya pili. Swali: kwanini hatajwi? Na nani humu ana mzee aliyekuwa chini yake?

#2 Kambi_Hapa
Naweka kambi, wajuzi karibuni.

#3 Mzee_wa_Ramani
Hongera kwa kulitunza hilo kopo mkuu. Huyu mtu nimemfuatilia miaka mingi, ngoja nimwage kidogo.
Kazaliwa Bristol 6 Agosti 1891, mzee wake alikuwa na biashara ya vyuma ikaja ikayumba, wakahamia Birmingham. Hela ya chuo haikuwepo. Akafundisha shule ya msingi kwenye mtaa wa watu wa hali ya chini, baadae akawa karani kwenye kampuni ya mabomba ya chuma. Sasa angalia alivyoingia jeshini, 1912 alijipenyeza kwenye mafunzo ya uofisa ya Chuo Kikuu cha Birmingham wakati hata mwanafunzi wa pale hakuwa! Vita ilipoanza Agosti 1914 akawa luteni, 1915 Gallipoli, Uturuki, akapigwa risasi akaumia vibaya, 1917 Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, akajeruhiwa tena na akapata nishani ya Military Cross. Baada ya hapo akahamia Jeshi la India kwa Wagurkha, askari wa kutoka Nepal, maana huko ofisa asiye na mali ya nyumbani aliweza kuishi kwa mshahara wake, na hata hivyo haukumtosha, akawa anaandika hadithi magazetini kwa jina la Anthony Mills. Lisome hilo Mills kinyumenyume uone.
Kwahiyo jibu langu kwa #1 ni hili: hakuwa mtoto wa mjini. Uingereza ya wakati ule majenerali walitoka familia zilezile na chuo kilekile cha Sandhurst, halafu Jeshi la India lilionekana kama la daraja la pili. Mtu wa hivyo hapigiwi debe.

#4 Mwalimu_Chaki
Kumbe mwalimu wa shule ya msingi! Leo nimepata cha kuwaambia darasa la sita. Miaka 22 nashika chaki sijawahi kulijua hili. Asante #3.

#5 Kipanga_Moshi
Niongeze tu kwamba Slim alipigana huku kwetu pia. Ndiye aliyemtoa Mtaliano Ethiopia 1941, akatokea Kenya akapita Mogadishu akaingia Addis Ababa. Babu yangu alikuwepo.

#6 Mzee_wa_Ramani
Hapana #5, hapo umewachanganya. Aliyetokea Kenya akapita Mogadishu mpaka Addis Ababa, Aprili 1941, ni Jenerali Alan Cunningham. Aliyeshuka kutoka Sudani kupitia Eritrea ni William Platt. Slim alikuwa chini ya Platt na alikuwa brigedia tu. Na kazi yake ya kwanza huko ilimshinda kabisa. Novemba 1940 alishambulia Gallabat, ngome ya mpakani mwa Sudani na Ethiopia, ngome akaichukua, ila vifaru vikakatika minyororo kwenye mawe, ndege za Kitaliano zikatawala anga, baadhi ya askari wakavunjika moyo wakakimbia, ikabidi arudi nyuma. Januari 1941 akiwa Eritrea ndege ikaja kummiminia risasi akajeruhiwa kwa mara ya tatu maishani.
Ninachompendea, kwenye kitabu chake kuhusu vita vyake vya mwanzo amekiri mwenyewe kwamba pale Gallabat kulikuwa na njia mbili mbele yake akachagua ile ya uoga. Taja jenerali mwingine aliyeandika hivyo wakati kila mtu alikuwa ameshasahau.

#7 Kipanga_Moshi
Sawa mkuu nimeelewa. Basi babu alikuwa kwa Cunningham. Alitusimulia njia ya Mogadishu, kwamba walienda mbio mpaka chakula kikawa hakiwafikii.

#8 Wanjohi_wa_Othaya
Wadau wa Tanzania shikamoo kwa wakubwa. Mimi naona sababu ni rahisi kuliko hiyo ya #3. Montgomery alishinda Alamein, Misri, 1942 wakati Waingereza walikuwa na njaa ya ushindi, na alijua kujiuza, kofia yake, hotuba zake, waandishi wa habari kila mahali. Slim alianza Burma Machi 1942 kwa kukimbia! Rangoon ilikuwa imeshaanguka, akapewa kikosi kilichokwisha kuchakaa akitoe. Wakatembea kama kilomita 1,400 mpaka India, wakachoma visima vya mafuta vya Yenangyaung njiani ili Mjapani asivipate. Nani aweke hiyo ukurasa wa mbele?
Na hata alipoanza kushinda, Ulaya ilikuwa inachukua habari zote. Mandalay imeshikwa 20 Machi 1945, siku zilezile majeshi yanajiandaa kuvuka mto Rhine. Rangoon imeingiwa mwanzo wa Mei 1945, wiki ileile Hitler amekufa na Berlin imeanguka. Wenyewe walijiita jeshi lililosahaulika kabla hata vita haijaisha.

#9 Mjukuu_wa_Keya
#8 hii ya tarehe sikuiwaza kabisa, asante kaka.

#10 Nesi_Mbeya
Mimi sijui mambo ya vita ila nimesoma sana habari za malaria kwa kazi yangu, na Slim nimemfahamia huko. Alipokabidhiwa Jeshi la 14 mwishoni mwa 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa na jeraha kulikuwa na 120 wanaoondolewa kwa magonjwa. Mia na ishirini kwa mmoja! Malaria, kuhara, homa ya wadudu wa nyasi. Kwa hesabu yake mwenyewe jeshi lingekwisha lenyewe bila Mjapani kurusha risasi.
Alichofanya hakikuwa cha ajabu. Hospitali ndogo zikasogezwa karibu na mstari wa mbele ili mgonjwa atibiwe kulekule badala ya kupelekwa India miezi kadhaa. Jioni mikono ya shati ishushwe. Na vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, kila siku. Askari walikuwa hawavitaki maana vinageuza ngozi kuwa ya njano na uvumi ulienea kwamba vinaua nguvu za kiume. Slim akaagiza vikosi vishtukizwe wapimwe damu, wakikutwa waliomeza ni chini ya asilimia 95, kamanda wa kikosi anafukuzwa kazi. Akafukuza watatu. Wengine wote wakaelewa. Kufikia 1945 wagonjwa walishuka mpaka kama mmoja kwa siku katika kila askari elfu.
Nafanya kazi kijijini, najua ugumu wa kumfanya mtu mzima asiyeumwa ameze dawa. Wengi wetu tungemlaumu mgonjwa, yeye akamwajibisha bosi.

#11 Chuma_Chakavu
Wakuu mnamsifia sana mimi napinga. Mjapani alijiua mwenyewe. Jenerali Mutaguchi alivuka mto Chindwin Machi 1944 na watu kama 85,000 kwenda kuchukua Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka, akiwa na chakula cha wiki tatu, mpango wake ni kwamba ataishi kwa kuteka maghala ya Mwingereza. Maghala hakuyapata, mvua zikaanza, watu wake wakafa njaa na magonjwa kwenye njia za matope. Katika hao kama 30,000 walikufa, na wengi hawakufa kwa risasi. Halafu ndege za kushusha chakula nyingi zilikuwa za Mmarekani. Slim alikaa akasubiri. Mtu yeyote angeshinda.

#12 Mzee_wa_Ramani
#11 una nusu ya ukweli. Mutaguchi kweli alicheza kamari. Ila kusubiri nako ni kazi. Kabla ya hapo kila Mjapani alipowazunguka Waingereza kwa nyuma walikimbia, ndivyo ilivyokuwa Malaya na ndivyo ilivyokuwa Burma 1942. Slim akawafundisha kitu kimoja: ukizungukwa usikimbie, kaa hapohapo, chakula kitashuka kwa ndege, sasa aliyekuzunguka ndiye mwenye shida. Februari 1944 kule Arakan likajaribiwa likafanya kazi, Machi likafanyika kwa ukubwa Imphal.
Na ndege pekee hazitoshi. Miavuli ya hariri ilikuwa haipatikani, vipaumbele vyote Ulaya. Slim na watu wake wakaenda kwa wenye viwanda vya magunia Calcutta wakashona miavuli ya juti, ileile ya magunia ya kahawa. Mmoja ulikuwa kama pauni moja wakati wa hariri ni kama pauni 20. Binadamu hashuki nao ila mchele na risasi vinashuka.
Nakubali jambo moja: mwenyewe aliandika kwamba Kohima alikosea, hakutegemea Mjapani angepeleka divisheni nzima pale kwenye milima ile. Waliomwokoa ni wale wachache waliokuwepo Kohima wakagoma kuondoka.

#13 Chuma_Chakavu
Basi umenijibu nusu. Bado nasema mvua na njaa ndio majenerali wa kweli wa ile vita.

#14 Ndanda_Kosovo
Wakuu hivi Kariakoo si ndio imetokana na hao hao wa Burma? Na Idi Amin si alipigana Burma na huyu Slim akapewa nishani?

#15 Bi_Mkubwa_Tanga
Mwanangu #14 yote mawili hapana. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa vita ya KWANZA, 1914 mpaka 1918, na Nairobi wana Kariokor yao kwa sababu hiyohiyo. Na yule askari wa sanamu pale Posta ni wa 1927, naye ni kumbukumbu ya vita ya kwanza. Amin alijisemea mwenyewe kwamba alikuwa Burma lakini kumbukumbu zinaonyesha aliingia Keya, yaani King's African Rifles, 1946, vita imeshaisha. Nishani nyingi alijivika.
Wa Burma kweli ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao begani kichwa cha kifaru. Nimesomea historia, wacha niwape mpangilio. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, kamanda wao Meja Jenerali Fowkes. Walikaa kwanza Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, wakaingia Burma katikati ya 1944. Slim akawapa kazi ya kumfukuza Mjapani bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa, katikati ya masika ya kule. Bonde lile lilijulikana kama la mauti kwa malaria. Magari yalizama, barabara ikawa uji, chakula kikawa cha kudondoshwa kutoka juu. Mwanzo wa Desemba 1944 wakafika Kalewa, na pale Chindwin ikajengwa daraja la vyuma la kuelea la mita 350 hivi, wakati ule hapakuwa na daraja refu zaidi la aina ile duniani. Jeshi la Slim lilipita kwenye mlango walioufungua Waafrika.
Wewe #1 babu yako kama ni wa Songea angalia kama ni batalioni ya 26 au ya 36, hizo mbili ndizo za Tanganyika kwenye divisheni ile.

#16 Mjukuu_wa_Keya
Shikamoo bi mkubwa. Kwenye cheti chake cha kuachishwa kuna 36 inasomeka, kwingine panya wamekula. Nimesisimka mwili.

#17 Bi_Mkubwa_Tanga
Marahaba. Usiku huu soma habari za Kabaw basi, na hicho cheti kipige picha kabla panya hawajamaliza.

#18 Baharia_Mstaafu
Kabla ya kufika huko kuna walioishia baharini na hakuna anayewataja. Meli inaitwa Khedive Ismail, ilitoka Kilindini Mombasa mwanzo wa Februari 1944 kwenda Colombo. Ndani ilibeba kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, karibu watu elfu moja, na manesi wa Kiingereza na wa Afrika Kusini, na wanamaji. Tarehe 12 Februari mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpedo mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata nafasi ya kusimama. Na waliofanikiwa kuruka wakawa wanaelea pale nyambizi imejificha chini yao, manowari za Kiingereza zikarusha mabomu ya kina palepale walipo. Waliokufa 1,297.
Nimepita maji yale mara nyingi kazini. Kila tukipita Addu najua kuna watu wa Machakos na Tabora chini ya hapo.

#19 Kambi_Hapa
Dah.

#20 Nesi_Mbeya
Mungu awarehemu. Manesi pia, sikujua.

#21 Mwana_wa_Kitui
Babu yangu alikuwa hai mpaka 2009, dereva wa lori. Alimwona Slim mara moja. Alisema alikuja mzee ana kidevu kikubwa na kofia pana iliyokunjwa upande, akasimama juu ya boneti ya jipu, akaongea kidogo tu, mkalimani akatafsiri kwa Kiswahili. Babu hakukumbuka hotuba. Alichokumbuka ni kwamba baada ya hapo yule mzee alishuka akaenda jikoni akafunua sufuria akaangalia wanakula nini.
Wazungu walimwita Anko Bill. Babu alisema Waafrika hawakumwita hivyo, kwao alikuwa bwana mkubwa tu.

#22 Mzee_wa_Ramani
#21 hii inaendana kabisa. Slim alikuwa na sheria kwamba vikosi vya mbele vikipunguziwa posho ya chakula, makao yake makuu nayo yanakula nusu, yeye mwenyewe ndani. Alisema maofisa wa ugavi wakishinda njaa wanapata akili ya kutafuta mchele haraka.

#23 Wanjohi_wa_Othaya
Sasa nisikilizeni na mimi. Mnamwita mzuri na sikatai alikuwa mzuri kwa jeshi lake. Lakini guka (babu) wangu alikuwa msituni na Mau Mau 1953, na mtu aliyemfundisha kupanga doria alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, ambaye alikuwa koplo wa Keya kule Burma. Alienda kumpigania mfalme akarudi kukuta kipande, kitambulisho cha lazima kwa Mwafrika, bado kiko shingoni na shamba ni la setla. Vita ya Slim ndiyo ilifungua macho.
Na msisahau Slim alivyoendelea. 1948 Waziri Mkuu Attlee alimtoa kwenye kustaafu akampa ukuu wa jeshi lote la nchi kavu la Uingereza, wa kwanza kutoka Jeshi la India. Montgomery alikuwa anaondoka na hakumtaka, akasema ameshamwahidi Jenerali Crocker kile kiti. Attlee akamwambia nenda kamwambie si chake tena. Slim akakaa mpaka 1 Novemba 1952. Hali ya hatari Kenya ilitangazwa 20 Oktoba 1952. Hesabuni wenyewe. Siku 12 za kwanza za kutukamata jeshi lilikuwa lake.

#24 Bi_Mkubwa_Tanga
Tarehe zako ni sahihi mwanangu. Ila operesheni kubwa, ile ya kusomba watu Nairobi Aprili 1954, ilikuwa ya Jenerali Erskine, Slim wakati huo alishakuwa Gavana Mkuu wa Australia. Ukitaka kumbana Slim mbane na Malaya, maana ni wakati wake batalioni za Keya zilipelekwa kule kupigana na wakomunisti, na moja ilikuwa ya Kenya.
Na sio Kenya tu palipofunguka macho. Accra Februari 1948 wastaafu wa vita waliandamana kudai haki zao, polisi wakawapiga risasi, watatu wakafa.

#25 Chuma_Chakavu
Kwahiyo tukubaliane, alikuwa jenerali wa mkoloni.

#26 Mwalimu_Chaki
#25 alikuwa wa mkoloni ndio, ila kuna wakoloni na wakoloni. Huyo Montgomery mnayemsoma vitabuni alizunguka Afrika mwisho wa 1947 akaandika ripoti ya siri iliyojaa dharau kwa Mwafrika. Slim alipoona vikosi vya Afrika Magharibi kule Burma kilichomshangaza ni wingi wa Wazungu waliowekwa kuwasimamia, aliona ni wengi mno na wanawazuia Waafrika kujiongoza. Ni tofauti.

#27 Wanjohi_wa_Othaya
Tofauti ipo mwalimu. Guka wangu asingeiona lakini.

#28 Kipanga_Moshi
Tuongelee hela basi. Kiinua mgongo cha 1945 kililipwa kwa cheo, kwa miezi uliyotumikia na kwa RANGI. Koplo mzungu na koplo mwafrika wametoka mahandaki yaleyale, mwafrika anapewa kama theluthi. Babu alipewa na koti. Alipofuatilia miaka ya baadae kwenye ofisi moja aliambiwa alete karatasi, karatasi zilichukuliwa na ofisi hiyohiyo. Kutoka Tanganyika peke yake waliingia jeshini kama 87,000, Kenya kama 98,000. Zidisha hiyo tofauti uone ni shilingi ngapi zilibaki kwa mfalme.

#29 Mkulima_Iringa
Babu yangu mzaa mama yeye alikuwa brigedi ya 28, batalioni ya 46. Sijaona mtu ameitaja.

#30 Mzee_wa_Ramani
#29 ulikuwa wapi siku zote, hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mwanzo wa 1945 Slim alitaka Mjapani aamini kwamba jeshi lote linavuka mto Irrawaddy upande wa Mandalay. Kumbe kikosi kimoja kizima kinashuka kimyakimya kusini kupitia porini kwenda kuvuka karibu na Pakokku na kuibukia Meiktila, ghala la Mjapani. Makao makuu ya uongo yakabaki Tamu yanarusha mawimbi ya redio kama vile kikosi bado kipo kule. Na brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ikatangulizwa, maana Mjapani akiona Waafrika atadhani ni ile Divisheni ya 11 inaendelea na kazi yake ya zamani. Halafu ikapelekwa chini zaidi ya mto ijifanye inataka kuvuka kuelekea visima vya Yenangyaung. Mjapani akaingia mtegoni, akawashambulia akawasukuma nyuma mpaka Letse. Wakati huo Slim ameshavuka, mwanzo wa Machi Meiktila imeanguka na jeshi zima la Mjapani limekatika kiuno.

#31 Mkulima_Iringa
Yaani alikuwa chambo.

#32 Mzee_wa_Ramani
Chambo kilichofanya kazi.

#33 Mkulima_Iringa
Mzee alikuwa anasema "walitupeleka tupigwe". Sisi watoto tulidhani ni maneno ya pombe. Nimeshindwa kuendelea kusoma kwa leo.

#34 Ndanda_Kosovo
Pole sana mkuu #33.

#35 Mtazamaji_Perth
Niko Australia huku wakuu. Kuna upande mwingine wa Slim haujatajwa. Alikuwa Gavana Mkuu 1953 mpaka 1960, alipendwa sana mwanzoni maana alikuwa amepigana Gallipoli na huku Gallipoli ni kama ibada. Lakini miaka mingi baada ya kifo chake (alifariki London Desemba 1970) wanaume waliolelewa shule ya shamba ya Fairbridge kule Molong, watoto waliotolewa Uingereza kuletwa huku, walisema aliwadhalilisha kingono alipotembelea shule. Familia ilikanusha. Mahakamani haikufika, mtu ameshakufa. Ila Canberra kulikuwa na barabara kubwa ya jina lake, wameibadilisha jina. Kwahiyo #1 sababu ya sasa ya kutotajwa inaweza kuwa hii.

#36 Mjukuu_wa_Keya
Hili sikulijua kabisa. Limenipa uzito moyoni, asante kwa kulileta.

#37 Mwalimu_Chaki
#35 linaeleza ukimya wa miaka hii, halielezi ukimya wa 1945. Kwanza hata kabla vita haijaisha walitaka kumtoa! Mei 1945, Rangoon imeshachukuliwa, bosi wake Jenerali Leese akamwambia jeshi linapewa mtu mwingine. Habari ikavuja vikosini, watu wakachachamaa, wakubwa wakageuza, aliyeondolewa akawa Leese mwenyewe na Slim akapewa kiti cha Leese. Hapo ndio ujue aliyeshinda vita alikuwa hana mtu wa kumsemea juu. Mountbatten, mkuu wa majeshi yote ya Asia ya Kusini-Mashariki, alikuwa ndugu wa mfalme, picha zote ni zake.

#38 Chuma_Chakavu
Sanamu lakini anayo London, Whitehall, mtaa mmoja na Montgomery. Waliiweka 1990.

#39 Bi_Mkubwa_Tanga
Miaka 20 baada ya kufa. Na mimi sababu yangu ni nyingine kabisa na hakuna aliyeitaja: alirudisha nchi ambayo Mwingereza aliiacha. Burma ilijitawala Januari 1948 na ikagoma kuingia Jumuiya ya Madola. Nani anasherehekea ushindi wa kitu ambacho hakukaa nacho hata miaka mitatu?

#40 Wanjohi_wa_Othaya
Hiyo nayo ni kali bi mkubwa. Ila mimi nabaki na tarehe zangu za #8.

#41 Mjukuu_wa_Keya
Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimempigia bibi, ana miaka tisini na kitu ila masikio mazima. Nikamuuliza kama babu aliwahi kumtaja mtu anaitwa Slim. Akasema hapana, jina hilo halijui. Nikamuuliza basi Burma alisimulia nini. Akasema hakusimulia, alikuwa akiulizwa anatoka nje.
Halafu akacheka akaniambia, lakini si unakumbuka dawa? Nikakumbuka palepale. Tukiwa wadogo masika yakianza babu alikuwa anatupanga mstari barazani wajukuu wote, kila mtu klorokwini mkononi na kikombe cha maji, unameza mbele yake, halafu "fungua", anakushika kidevu, "inua ulimi", anachungulia mpaka nyuma ya meno. Ukiitema haupigwi wewe, anapigwa kaka mkubwa aliyekusimamia. Sisi tulijua ni ukali wake tu.
#10 nilivyosoma ile habari yako ya vidonge sikuunganisha mpaka bibi alipoongea.

#42 Nesi_Mbeya
Nimesoma hii niko zamu ya usiku nimetokwa na machozi. Kaka mkubwa alikuwa nani?

#43 Mjukuu_wa_Keya
Mimi.